Kombe la Kuamka Asubuhi

Nilianza kuchezesha beisiboli kwa sababu goti langu lilikataa mpira wa miguu. Kambini, mkoani Kigoma, ambako wazazi wangu walinikimbizia kutoka Burundi nikiwa mtoto, nilikuwa mwamuzi wa kandanda, tena mwamuzi mkali. Watu waliniheshimu kwa kuwa sikuwa na timu. Nilipofika Louisville, Marekani, na familia yangu nilipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja la Okolona. Mwaka wa pili goti likavimba, daktari akaniambia nisikimbie tena. Jumapili kadhaa baada ya ibada nikawa nakaa nyumbani bila kazi, nikihoji kila mtu kwa nini mlango haukufungwa na taa ya bafuni inawaka. Mke wangu akachoka.

"Baba Mapacha," akaniambia, "tafuta pa kwenda."

Pa kwenda palikuwa karibu. Wacuba niliofanya nao kazi ghalani walikuwa na timu ya beisiboli, na Jumapili mchana walicheza kwenye uwanja usio mbali na majumba yetu ya Iroquois. Walikuwa wamemchukua na jirani yangu mmoja, Mkongo wa Kivu tuliyeishi naye jengo moja na kusali naye kanisa moja. Hakujua kupiga mpira kwa gongo, na mpaka leo hajui sana, lakini alikuwa na mbio. Kwao alicheza winga. Wacuba walimfundisha kwanza jambo moja tu: ukiona mrushaji wa upande wa pili ameinua mguu, wewe kimbia.

Nikawa nasimama kwenye uzio wa waya nikiangalia. Msimamizi wa waamuzi alikuwa mama wa Kimarekani, dereva mstaafu wa basi la shule, mwenye sauti ambayo nadhani iliwahi kunyamazisha watoto hamsini kwa neno moja. Siku moja alinifuata pale uzioni.

"Wewe huangalii mchezo," akasema. "Unamwangalia mwamuzi."

Nikamwambia nami nilikuwa mwamuzi, wa soka.

"Uliacha kwa nini? Goti?"

"Goti."

"Mwamuzi wa beisiboli hakimbii sana," akasema. "Anasimama, anaangalia, anasema alichokiona. Unaweza?"

Nilisema naweza, na majira yote ya baridi nikakaa na kitabu cha sheria mezani. Mapacha wangu walikuwa darasa la sita. Walinisomea kwa Kiingereza, nami nikawaeleza kwa Kiswahili nilichoelewa, wakacheka hadi kushika matumbo, kisha wakanijibu kwa Kiingereza kwamba sivyo hata kidogo. Lakini nilishikilia. Kufikia majira ya kuchipua nilikuwa najua kwamba mchezaji anapiga mpira, anakimbia kuzunguka vituo vitatu, na anatakiwa arudi alipoanzia, kwenye kibao cheupe kilichozikwa ardhini wanachokiita nyumbani. Akifika ni alama. Akiguswa na mpira kabla ya kufika, ametoka. Mwamuzi mkuu anasimama nyuma ya kibao hicho, na neno lake ndilo la mwisho. Mengine nilijifunza nikiwa kazini, nikizomewa.

Ligi yetu ilikuwa ya watu wazima, wafanyakazi watupu, na ilikuwa na matawi katika miji mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Kila tawi lilicheza kwake kuanzia Aprili hadi Agosti, kila Jumapili, mvua au jua. Septemba timu nne zilikutana kwenye mji mmoja kwa mtoano wa siku mbili: zile tatu zilizoongoza matawi yao, na ya nne iliyokuwa na rekodi nzuri kati ya zilizoshika nafasi ya pili. Aliyeshinda mtoano alibeba kombe na kuitwa bingwa. Aliyeongoza miezi mitano hakupewa hata soda.

Jambo hili lilinishangaza tangu mwanzo. Sisi tuliokua tukisikiliza ligi ya Dar es Salaam redioni tulijua kwamba anayemaliza juu ya msimamo ndiye bingwa, na hakuna wa kumwambia arudi uwanjani athibitishe tena. Nilimuuliza yule mama. Akacheka, akasema kwao ndivyo ilivyo, hata kwa wachezaji wakubwa wa kulipwa: msimu mrefu ni wa kupata tiketi ya kuingia, bingwa anapatikana mwishoni.

"Kwa hiyo Aprili tunafanya nini?" nikauliza.

"Tunajikinga na baridi," akasema.

Mwaka 2014 ile timu ya Wacuba na jirani yangu ilikuwa bora kuliko timu yoyote niliyowahi kuichezesha. Msimu wote walipoteza mechi mbili tu. Sisemi hivyo kwa upendeleo, maana nilikuwa nyuma ya kibao nikiona kila mpira. Walikuwa na mrushaji mrefu ambaye mpira wake ulikuja kama umetupwa kutoka ghorofani, na walikuwa na jirani yangu, ambaye akishafika kituo cha kwanza alikuwa na uhakika wa kuiba cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa. Wake zao na watoto wao walijaa vitini. Ghalani watu waliokuwa hawajui beisiboli walianza kuuliza matokeo Jumatatu.

Septemba tukaenda Columbus. Waamuzi tulitoka matawi yote matatu, na ilipangwa kwamba mwamuzi wa Buffalo achezeshe nusu fainali ya Louisville dhidi ya timu ya Columbus, ile iliyoingia kwa nafasi ya nne. Gari lake likaharibika njiani. Mama akatutazama, akaninyooshea mimi kidole. Kiongozi wa timu ya Columbus akaruka juu.

"Huyu anatoka Louisville! Wale ni majirani zake!"

Mama akaniuliza mbele ya wote kama ni kweli.

"Ni kweli," nikasema. "Mmoja wao tunaishi jengo moja na tunasali pamoja."

"Utaweza?"

"Nitasema ninachokiona."

Yule kiongozi alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alirudi kwenye benchi lake.

Ilikuwa mechi ngumu. Mrushaji mrefu wa Louisville hakuwa vizuri siku ile, bega lilimsumbua, na tulipofika kipindi cha mwisho Columbus walikuwa mbele kwa alama moja. Jirani yangu alikuwa amefika kituo cha tatu, na akitolewa mtu mmoja zaidi mechi imekwisha. Mwenzake mmoja akaupiga mpira chini chini kuelekea kushoto, na jirani akaondoka. Nilimsikia kabla sijamwona, vile viatu vikipiga ardhi. Mpira ukatupwa kutoka kule mbali, mdakaji wa Columbus akaupokea akiwa amepiga goti mbele yangu, na jirani akajitupa miguu mbele, vumbi likapanda.

Niliona glavu yenye mpira ikimgusa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Niliona kiatu chake kikiwa bado hakijafika kwenye kibao, upana wa kiganja hivi. Nilivyoona hivyo viwili kwa pamoja, mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

"Nje!"

Halafu Wacuba wakaja wote kwa pamoja, na sauti za vitini zikaja juu yao. Jirani yangu hakuinuka. Alikaa pale chini, mikono imeshika ardhi nyuma yake, akinitazama.

"Nilifika," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba tulikuwa wawili tu. "Ndugu, nilifika."

Mwamuzi hajibizani. Nilivua barakoa ya chuma, nikasimama pale pale hadi mama alipokuja kusimama kando yangu, na baada ya muda watu wakatawanyika. Kesho yake Columbus, ambao mwaka ule walikuwa wamefungwa karibu mara sawa na walizoshinda, walishinda fainali na kubeba kombe. Wacuba walirudi Louisville na magari kimya.

Jumapili iliyofuata jirani alihama benchi kanisani. Tulikuwa tumezoea kukaa pamoja upande wa dirisha. Sasa akakaa mbele, karibu na kwaya. Nikimkuta ngazini alitazama simu yake. Mke wake aliendelea kumsalimu mke wangu, watoto waliendelea kucheza, lakini sisi wawili tukawa kama watu waliogombania shamba. Ghalani Wacuba hawakunitukana. Waliacha tu kuniita wanapokunywa kahawa. Iliniuma, sitadanganya. Hata hivyo sikuwahi kulala nikijiuliza kama nilikosea. Nilichokuwa nikijiuliza ni kingine: kama nilisema kweli, na kweli ile ikafuta kazi ya miezi mitano ya watu waliokuwa bora kuliko wote, basi kosa liko wapi?

Wiki kadhaa baadaye, jioni, akabisha mlango.

"Baba Mapacha, mi sikuje kugombana."

"Karibu. Kaa."

Alikaa ukingoni mwa kochi. Mke wangu akaleta chai akaondoka, lakini najua alisimama jikoni akisikiliza.

"Bon," akasema. "Nilifika ao sikufika?"

"Hukufika."

Akakoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa.

"Bibi yangu, mama ya watoto, njo alinambia vile. Anasema, yule mutu hawezi kukufichia kitu, hata ungelikuwa ndugu yake wa tumbo moja." Akapumua. "Sawa. Ile niliacha. Lakini kitu iko naniumiza ni ingine. Toka mwezi wa ine mpaka mwezi wa munane tulishinda. Mvua, jua, baridi, siye tuko pale. Nilitoka kazi saa kumi na mbili asubuhi, nikalala kidogo, nikaenda kucheza. Donc, ile yote haiko kitu? Siku moja tu njo inasema siye ni nani?"

"Kwetu anayeongoza ligi ndiye bingwa," nikasema.

"Njo vile! Hata kwetu Congo!" Aligonga goti lake. "Njo ile iko nasema!"

"Basi tupeleke jambo hili kwenye ligi. Anayeongoza msimu apewe chake. Ngao, cheti, chochote, lakini kitambulike."

"Ukisema, mi niko nyuma yako."

Tulipeana mkono. Jumapili alirudi dirishani.

Nilimpelekea yule mama msimamizi wazo langu nikiwa nimelipanga vizuri kwa Kiingereza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mambo mawili. La kwanza, waamuzi hawana kura kwenye mkutano wa ligi, na ajenda ya mkutano wa Februari ilikuwa imeshafungwa. La pili, yeye mwenyewe hakubaliani nami.

"Watu hawaji uwanjani Aprili," akasema. "Wanakuja Septemba. Kwenye mtoano ndipo mtu anapojulikana ana moyo au hana."

"Na anayekuja Aprili hana moyo?"

"Anayekuja Aprili ana mazoea."

"Mama," nikasema, "mimi nafanya kazi ghalani kila siku. Hayo unayoyaita mazoea ndiyo yanayolisha watoto wangu."

Hakukasirika. Akasema nisubiri mwaka. Nikasema nitasubiri.

Nyumbani nako sikupata mtu wa kuniunga mkono. Mke wangu alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea, kazi ya kuinua watu na kuwaosha na kuwabembeleza wale chakula, na mimi nilidhani yeye hasa angenielewa. Alikuwa akikunja nguo nilipomweleza.

"Yaani unataka kombe la kuamka asubuhi," akasema.

"Ndiyo. Hilo hasa."

"Nani atakupa? Mimi nimeamka miaka mingapi?" Akacheka, akanirushia soksi. "Watu wanakumbuka mwisho, Baba Mapacha. Hata kwenye harusi, wanakumbuka kama chakula kilitosha."

Nilimwambia kwamba ndiyo maana inabidi mtu aseme. Akasema basi nikaseme, lakini kwanza nipeleke nguo chumbani.

Mwaka uliofuata mambo yalipinduka. Wachezaji wawili wazuri wa Kicuba walihamia Florida kwa ndugu zao, na yule mrushaji mrefu bega lake halikupona sawasawa. Timu ikawa inashinda leo inafungwa kesho. Jirani yangu, ambaye sasa walimchagua awe mwakilishi wao kwa kuwa haogopi kusema mbele za watu, alikuwa akipiga kelele benchini hadi sauti inakauka. Walimaliza nafasi ya pili, wakaingia mtoano wakiwa wa nne, kwa tundu la sindano. Na mtoano mwaka ule ulikuwa Buffalo.

Nilifikia kwa dada yangu mdogo, Cheektowaga. Yeye na mume wake walikuwa wamehamia kule kutoka mjini baada ya kupata gari, nyumba ya mbao yenye uwanja mdogo nyuma, na ndege za uwanja wa karibu zikipita juu ya paa tunapokula. Jumamosi nilichezesha nusu fainali ya Columbus na Buffalo. Hapo ndipo nilipowaona Buffalo kwa macho yangu. Walikuwa watu wa kiwandani, wengi wao wamepita miaka arobaini, na hawakuwa wamefungwa tangu Mei. Hawakuwa na mbio. Walikuwa na utulivu. Mrushaji wao alikuwa mtu wa ndevu za mvi ambaye kabla ya kila mpira alivuta pumzi, akatazama pande zote, na kuutupa pale pale alipotaka. Kwa siku ile nzima sikumwona akibishia uamuzi hata mmoja. Waliwatoa Columbus bila wasiwasi, na upande wa pili Louisville wakapenya kwa shida.

Jumapili asubuhi mvua ilinyesha. Fainali ikachelewa, wakamwaga mchanga mkavu palipotota, na mchana mwamuzi wa Columbus akaianzisha. Mimi nilikuwa mtazamaji. Dada yangu alikuja nami akiwa na mwavuli na chupa ya chai.

"Nani bora hapa?" akaniuliza.

"Hawa wa Buffalo."

"Na atakayeshinda?"

"Sijui."

"Sasa huo mchezo gani?" akasema, akamimina chai.

Hadi kipindi cha mwisho walikuwa sare. Jirani yangu alipata kituo cha kwanza, akaiba cha pili, vile vile kama siku zote. Kisha Mcuba mmoja akaugusa mpira vibaya, ukaenda unajiviringa kama tufe la mtoto kuelekea kwa mchezaji wa Buffalo aliyesimama kati ya vituo. Mpira wa kuokota tu. Yule bwana aliinama, akaweka glavu chini, na mpira ukagonga kipande cha ardhi kilicholowa, ukapinda, ukapita kando ya mguu wake. Alipogeuka, jirani yangu alikuwa amezunguka kituo cha tatu. Safari hii hakukuwa na vumbi wala ubishi. Alifika nyumbani amesimama, mikono juu.

Bingwa wa mwaka akapatikana hivyo. Wacuba walilia, wakabebana. Jirani alikuja mbio hadi uzioni na kombe, akalipigapiga kama ngoma.

"Unaona, Baba Mapacha? Kombe njo kitu! Ingine yote ni maneno!"

Nilimpa mkono na kumpongeza, kwa kuwa alistahili kupongezwa. Halafu nikavuka kwenda upande wa pili. Mrushaji wa ndevu za mvi alikuwa akiweka vifaa kwenye mfuko, kimoja kimoja. Yule aliyepitwa na mpira alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi na hakuna aliyemsogelea wala kumlaumu.

"Mna timu nzuri," nikamwambia mwenye ndevu.

"Ninyi mna mkimbiaji mzuri." Akafunga zipu ya mfuko. "Ningependa kurudiana nao kesho. Na keshokutwa. Na wiki ijayo."

"Najua," nikasema.

Nilirudi Louisville kwenye gari la jirani, sisi wawili mbele na kombe nyuma, amelifunga mkanda. Alizungumza tangu Buffalo hadi mpaka wa jimbo. Columbus tulisimama kujaza mafuta, tukaingia kula kuku kwenye mkahawa wa barabarani, na pale mezani nikamuuliza kama bado yuko nyuma yangu kuhusu ile ngao ya msimu.

Aliacha kutafuna.

"Ngao ya nini?"

"Ya anayeongoza ligi. Mwaka jana ulikuja kwangu."

"Mwaka jana nilikuwa na uchungu."

"Na wale wa Buffalo leo wana nini?"

Akasukuma sahani. Alikuwa mtu wa kucheka, na sikuwa nimezoea kuona uso wake ukifungwa namna ile. "Sikia, mi nitakuambia. Weye uko muamuzi. Muamuzi haiko na timu, haiko na kombe, haiko na siku yake. Njo maana unapenda siku zote zikuwe sawasawa."

Maneno yale yaliniingia. Niliyatafutia kosa nikalikosa.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo maana. Na bado nitasema."

Tuliendesha kutoka pale hadi Louisville tukizungumza juu ya njia tu, hapa kushoto, pale kulia.

Mkutano wa ligi ulifanyika Columbus mwezi wa Februari, kwa kuwa Columbus iko kati ya miji mingine miwili, kwenye ukumbi nyuma ya mkahawa. Nje theluji ilikuwa imerundikwa hadi madirishani. Wawakilishi wa timu walikaa na makoti yao. Jirani alikaa na Wacuba wawili, na yule wa ndevu za mvi alikaa nyuma kabisa. Mama, ambaye alikuwa bado hakubaliani nami, ndiye aliyenyanyuka na kusema kuna mwamuzi anaomba dakika chache, na kwamba amesubiri mwaka na nusu.

Kiingereza changu si kizuri nikiwa na hofu, basi nilisema polepole. Nilisema kwamba nimesimama nyuma ya kibao Aprili, wakati vidole havihisi mpira na vitini kuna mke mmoja na mbwa. Nimeona watu waliotoka zamu ya usiku wakicheza vizuri na hakuna wa kuwapigia makofi. Nilisema siku mbili za Septemba zinaweza kuamuliwa na bega la mtu mmoja au na tope, nami mwenyewe niliwahi kuinua mkono ukamaliza msimu wa watu bora, na ningeuinua tena. Sikuomba mtoano ufutwe. Niliomba tu kwamba anayekuwa bora kwa miezi mitano aambiwe hivyo mbele za watu.

Mwakilishi wa Columbus akasema mtoano ndio unaojaza viti, na viti ndivyo vinavyolipia uwanja. Mwingine akasema ukitoa zawadi mbili umeharibu zote mbili. Wa ndevu za mvi hakusema neno. Nilielewa: angesema, ingeonekana anaombea timu yake.

Halafu jirani yangu akasimama. Hakunitazama. Alizungumza Kiingereza chake cha haraka, cha kuchanganya na mikono.

"Kombe liko nyumbani kwangu," akasema. "Liko juu ya televisheni, nalipenda, na simpi mtu. Lakini nilisimama mbele ya yule bwana pale nyuma na gongo mkononi mara nne, na mara tatu sikuuona mpira kabisa. Walikuwa bora kuliko sisi. Kombe ni letu, msimu ulikuwa wao. Naona mtu anaweza kusema yote mawili na asife."

Watu wakacheka, na mvutano ukalegea. Wakajadili hadi chakula kilipoanza kuletwa. Ngao ikakataliwa, tena kwa kura nyingi. Lakini yule wa Columbus mwenyewe akatoa wazo jingine: timu yenye rekodi bora ya msimu katika matawi yote matatu, mtoano ufanyike kwenye uwanja wake, mbele ya watu wake, na jina lake lisomwe kwanza kabla ya mpira kurushwa. Hilo likapita. Mikono iliinuka mmoja baada ya mwingine, na wa jirani ulikuwa kati ya ya mwanzo.

Mama alikuja na sahani yake akakaa karibu nami. "Umefurahi?"

"Nilitaka ngao."

"Umepata uwanja."

"Mwaka ujao nitaomba ngao," nikasema, naye akatikisa kichwa na kunipa nusu ya mkate wake.

Aprili ilipofika tulianza kama kawaida. Kulikuwa na upepo wa baridi na manyunyu ya kukata uso, na vitini nilihesabu watu wasiofika kumi, wawili kati yao wakiwa ndani ya blanketi moja. Jirani yangu alikuwa wa kwanza kupiga. Mpira wa kwanza ulipita katikati kabisa, naye akausindikiza kwa macho. Nikautangaza kuwa ni halali, akahesabiwa kosa moja kwa kutoupiga. Akageuka, gongo begani.

"Ule? Baba Mapacha, ule ulikuwa chini!"

Nilimwambia ageuke mbele. Mrushaji alikuwa ameshainua mguu.